Kwanza Darasa, Kisha Simu

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika. Mwalimu wa Katindo, hapa Goma, ananiuliza: "Nina watoto 72 darasa la kwanza, nifanye nini wanyamaze?" Mwalimu wa Ndosho anauliza: "Nimepata simu nzuri, naweza kuitumia kufundisha kusoma?" Wa tatu, kutoka Majengo, anauliza yote mawili kwa pumzi moja, kisha ananionya: "Lakini usinipe maneno ya semina. Sina umeme, madawati hayatoshi, na mtoto wa tatu kwenye kila dawati ameketi nusu."

Nimekusikia, mwalimu. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure katika shule za serikali hapa Kongo, mwezi Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jambo jema. Ila kuta za darasa hazikusogea. Kwa hiyo ushauri nitakaotoa hapa ni wa darasa lililojaa, lenye ukuta wa mbao na paa la mabati, na mwalimu mmoja aliye na chaki na simu yake mwenyewe.

Nimefundisha watoto wadogo hapa mjini kwa miaka mingi, na mengi ya haya niliyajua baada ya kuyakosea. Neno langu ni moja: panga darasa kwanza, simu ifuate. Darasa lenye fujo likiletewa simu huongeza fujo.

## 1. Chagua jambo moja tu

Mwalimu hutoka semina Ijumaa na mbinu nane kwenye kaye (daftari) yake. Jumatatu anazijaribu zote. Ijumaa inayofuata amerudi kwenye kupiga kelele, na anasema mbinu hizo ni za shule za Wazungu. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu alishika nane.

Mtoto wa miaka sita hujifunza utaratibu kama anavyojifunza herufi, kwa kurudia. Fanya hivi:

1. Nyuma ya kaye yako ya matayarisho, andika jambo moja linalokuchosha kuliko yote. "Fujo" halitoshi, ni pana mno. "Wanasukumana ninapogawa makaye" ni jambo unaloweza kulishika.
2. Kwa siku mbili, lihesabu. Kila linapotokea, piga mstari mmoja. Hesabu pia ni mara ngapi umepaza sauti.
3. Chagua mbinu moja tu kwa ajili ya jambo hilo.
4. Ifanye kila siku, kwa namna ile ile, wiki tatu.
5. Hesabu tena. Mistari ikipungua, endelea. Isipopungua, badilisha mbinu, usiwamalizie watoto hasira.

Onyo: wiki ya kwanza huenda ikawa mbaya kuliko kabla ya kuanza. Watoto wanakupima waone kama utachoka. Wengi wetu tunaacha hapo, siku moja au mbili kabla ya matunda.

"Nitachelewa kwenye programu ya masomo, na inspekta anakuja," utasema. Piga hesabu. Kama kugawa makaye kunakula dakika 10 kila asubuhi, kwa siku tano umepoteza dakika 50. Hizo ni karibu masomo mawili ya nusu saa, kila wiki.

## 2. Ishara ya ukimya

Ukikosa pa kuanzia, anzia hapa. Ishara ya ukimya ndiyo inayobeba mengine yote.

1. Chagua ishara ya sauti ndogo na ya mkono kwa pamoja. Mimi nasema "Mko?", watoto wanajibu "Tuko!", kisha nainua mkono wangu na wao wanainua wao. Mkono ukiwa juu, mdomo umefungwa.
2. Ifundishe kama somo, kwa dakika tano, wakati darasa limetulia. Usiianzishe katikati ya kelele.
3. Waachie wapige kelele kwa ruhusa, halafu toa ishara. Wataupenda mchezo huo. Rudia mara tano.
4. Subiri wote. Ukianza kufundisha wakati watoto kumi bado wanaongea, umewafundisha kwamba ishara haina maana.
5. Sema neno unapoipata: "Leo mmenyamaza kabla sijahesabu hadi saba."

Makosa ya kawaida:

- Kuitumia mara 40 kwa siku. Ishara huchakaa kama chaki.
- Kubadilisha ishara kila wiki kwa sababu wewe umechoka nayo. Watoto hawajachoka.
- Kupigapiga meza kwa rula, kupuliza filimbi, au kugonga bati. Sababu yake nitaieleza katika sehemu ya nne.

Na jirani yako wa upande wa pili wa mbao? Mweleze. Darasa lake likipiga kelele, lako linasikia kila neno. Walimu wawili wakikubaliana kufanya masomo ya kuimba kwa saa ile ile, na masomo ya kimya vivyo hivyo, kuta za mbao hazitawasumbua sana.

## 3. Mikono yako ni miwili, tumia ya watoto

Mwalimu wa watoto 70 anayegawa, anayekusanya, anayefuta ubao na anayefungua mlango peke yake amekwisha kuchoka saa mbili na nusu asubuhi. Gawanya darasa kwa safu, na kila safu iwe na kazi zake:

- Mgawaji: anachukua makaye ya safu yake na kuyapitisha kwa mkono, mtoto kwa mtoto. Hakuna anayesimama isipokuwa yeye.
- Mkusanyaji: anayarudisha vile vile.
- Mtunza mlango: mmoja kwa darasa zima. Yeye ndiye anayejua nani ametoka kwenda choo.
- Msaidizi wa jirani: mtoto anayesoma vizuri kidogo, anakaa karibu na anayeanza.

Badilisha kazi kila Jumatatu. Ukimwachia mtoto mmoja ukubwa wa safu mwaka mzima, utamgeuza kuwa askari: atachukua beignets (maandazi) za wenzake ili asiwataje. Nimeona hilo kwa macho yangu. Na usimpe mtoto yeyote kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele ubaoni. Orodha hiyo huleta ugomvi wa njiani wakati wa kurudi nyumbani, na wewe hutakuwepo.

"Watoto wadogo hawawezi." Wanaweza. Mtoto wa miaka saba wa Goma huchota maji ziwani au kwenye bomba, humbeba mdogo wake, na hujua bei ya makaa. Makaye kumi na mawili hayatamshinda.

## 4. Bila fimbo watanidharau?

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote, na sitalipita juu juu.

Sheria kwanza. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto nchini Kongo, inataka nidhamu ya shuleni iheshimu utu wa mtoto. Kwa hiyo fimbo, na kumpigisha mtoto magoti juu ya mawe ya volkano, vinaweza kukuletea matatizo.

Lakini hata tukiiacha sheria, tazama faida ya fimbo yenyewe. Fimbo hunyamazisha darasa kwa dakika chache, halafu inabidi uirudie. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea kusoma hujifunza kutosoma kwa sauti. Badala yake:

1. Sogea karibu. Mtoto anayecheza, nenda usimame kando ya dawati lake, endelea kufundisha. Mara nyingi hiyo inatosha.
2. Mwite kwa jina, kwa sauti ya chini. Jina likiitwa kwa ukali mbele ya wenzake 70, mtoto husikia aibu tu, asisikie somo.
3. Mpe kazi. Anayetembeatembea si lazima awe na adabu mbaya. Wakati mwingine amekaa kwenye kona ya dawati na mguu umekufa ganzi. Mtume afute ubao.
4. Matokeo yafanane na kosa. Aliyemwaga takataka anaokota. Aliyerarua kaye ya mwenzake anasaidia kuishona. Umetimiza haki bila fimbo.
5. Malizia siku hiyo hiyo. Kesho asubuhi mtoto anaanza upya. Usimkumbushe.

Kuhusu watoto waliopitia vita. Watoto wengi mbele yako walikimbia Rutshuru au Masisi, wengine waliishi chini ya turubai nje ya mji, na wote waliosalia hapa walisikia mapigano yalipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Wakubwa kidogo wanakumbuka pia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto, na mitetemeko ya siku zilizofuata. Kwa mtoto wa namna hii, rula inayopigwa ghafla juu ya meza siyo rula. Nilimwona mmoja akiingia chini ya dawati kwa sababu mlango wa bati ulijibamiza kwa upepo. Darasa lilicheka. Mimi pia nilikuwa karibu kucheka, mpaka nilipoona mikono yake imefunika masikio.

Kwa hiyo:

- Ishara zako ziwe laini, na ziwe zile zile kila siku. Kujua kinachofuata humtuliza mtoto.
- Andika ratiba ya siku ubaoni kwa michoro midogo: kitabu, mawe ya kuhesabia, mpira, kengele.
- Usimlazimishe mtoto asimulie aliyoyaona. Akisimulia mwenyewe, sikiliza, mshukuru, na mwambie yuko pamoja nanyi.
- Anayelala darasani huenda hakulala usiku, au hakula. Uliza kabla ya kuadhibu.
- Usiahidi kwamba hakuna baya litakalotokea. Sema unachoweza: "Hapa darasani tunalindana."

## 5. Mvua ikipiga mabati

Mvua ya Goma inapopiga mabati, hakuna sauti ya mwalimu inayoishinda. Wengi hupiga kelele mpaka koo linakauka, na watoto hupiga kelele zaidi. Weka mpango wa mvua tayari, uufundishe siku ya jua:

- Ishara ya mvua ni moja: mikono miwili juu ya kichwa kama paa. Wakiiona, wanajua.
- Kazi ya mvua haina maneno. Kunakili herufi tano, kuchora neno la jana, kuhesabu mawe na kuandika jibu.
- Wewe tembea katikati ya safu, sahihisha kwa kidole na tabasamu.

Kwangu, nusu saa ya mvua ndiyo iliyoniwezesha kuona kwa mara ya kwanza jinsi kila mtoto anavyoshika biki.

## 6. Teknolojia ya kwanza haina betri

Kabla ya simu, hakikisha darasa lako linaweza kutumia vitu viwili hivi. Likishindwa na hivi, litashindwa na simu.

Ubao mdogo wa mkononi. Wazee wetu waliuita arduazi. Kama hakuna fedha za kununua, seremala anaweza kukata mabaki ya tripleksi (plaiwudi), ukayapaka rangi nyeusi. Utaratibu wake:

1. Uliza swali fupi. "Andikeni *ma*."
2. Wote wanaandika, ubao umelala.
3. Sema "Inua!" Mbao 70 zinaonekana kwa pamoja.
4. Pitisha macho, safu kwa safu. Kwa sekunde chache umejua nani ameelewa. Ukimwita mtoto mmoja ubaoni, umejua habari za mtoto mmoja tu.
5. Sema "Laza!" Hakuna kucheka jibu la mwenzako.

Mawe ya kuhesabia. Mji wetu umejengwa juu yake, hatuhitaji kununua. Kila mtoto alete kokoto 20 ndogo nyeusi ndani ya kopo. Mtazisikia kabla ya kuziona: makopo 70 yakitikiswa ni bendi. Dawa ni rahisi. Kila mtoto awe na kipande cha kitenge kikuukuu, mawe yalale juu ya kitambaa. Kelele imekwisha, na mawe hayaviringiki hadi chini ya dawati. Chagua kokoto zilizosuguliwa na maji au njia, kwa sababu za mto wa moto wa karibuni zina makali yanayokata vidole.

## 7. Sasa simu: ianze masikioni

Hesabu kidogo. Simu moja, watoto 70. Kila mmoja akitazama kioo kwa dakika mbili, umetumia dakika 140. Siku imekwisha, na watoto 69 walikuwa wanasubiri kila wakati. Kioo cha simu ni cha mtu mmoja au watano. Sauti ni ya wote.

Mimi nilianza vibaya. Niliwaonyesha video, nikiwa nimeshika simu juu ya kichwa. Safu ya kwanza iliona. Ya nne ilisimama juu ya madawati ili ione, ya sita ikapanda mgongoni mwa ya nne, na dawati moja likavunjika mguu. Katikati ya hayo, shemeji yangu akapiga simu, na darasa zima likaimba pamoja na mlio. Sikuwahi kurudia.

Hatua zinazofanya kazi:

1. Sikiliza wewe kwanza, nyumbani, mwanzo hadi mwisho. Andika mahali pa kusimamisha.
2. Pakua kila kitu usiku uliotangulia. Usitegemee megas (data) wala mtandao wakati wa somo.
3. Tumia bafle (spika) ndogo ya Bluetooth au ya kadi ya memori. Iweke katikati ya darasa, isikae mezani kwako.
4. Zima mtandao wa simu kabisa kwa hali ya ndege, halafu uwashe Bluetooth peke yake.
5. Wape watoto kazi kabla ya kusikiliza: "Mtaniambia sungura alikwenda wapi." Asiye na kazi ataitafuta.
6. Dakika tano tu, usimamishe mara mbili au tatu, uliza, endelea.
7. Malizia kwa arduazi. Neno moja, mchoro mmoja.

Msifikiri hili ni jambo la ajabu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na watoto wengi walijifunza kwa masikio. Redio ya zamani ya jirani yako bado ni chombo cha kufundishia.

Kioo kitumie baadaye, kwa kundi dogo. Watoto watano kwenye kona, dakika kumi, wengine 65 wakiwa na kazi ya kunakili wanayoimudu peke yao. Ukishindwa kuwaacha hao 65 dakika kumi bila fujo, rudi sehemu ya pili.

## 8. Cha kuweka ndani ya simu

Usijaze simu. Vitu vitatu vinatosha kwa muhula:

- Hadithi fupi. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa Kiswahili na Kifaransa, bure, za kupakua na kuchapisha. Ukikosa fedha za kuchapa, nakili sentensi nne kwenye karatasi kubwa na utundike.
- Nyimbo na katuni za kujifunzia. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza vipindi vya watoto kwa Kiswahili tangu muongo uliopita: Ubongo Kids kwa wakubwa kidogo, Akili and Me kwa wadogo. Chukua nyimbo za kuhesabu na herufi, uzitumie kama sauti.
- Programu ya kusoma isiyohitaji mtandao. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika shindano la programu za kujifunzia, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto wasiokwenda shule walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2019, timu za Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 ya shindano hilo, na kazi zilizofika fainali zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Hizo ni za kundi la kona.

Kiswahili cha nani? Hapa kuna mtego. Vitu hivi vinasema *darasa* na *kalamu*. Mtoto wako anasema *kalasi* na *biki*. Vinasema *watoto wanacheza*. Nyumbani anasikia *batoto banacheza*. Usimcheke na usimkataze. Kabla ya kusikiliza, andika ubaoni maneno matatu mageni, kila moja kando ya neno la nyumbani. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kufundishia shule ya msingi, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto anayejua kwamba maneno yote mawili ni yake atakipokea Kifaransa baadaye bila woga.

## 9. "Si tungesubiri tableti kwa kila mtoto?"

Wenzetu wa Kenya hawakusubiri. Tangu 2016, serikali yao iligawa vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Shule nyingi zikagundua kwamba kifaa bila umeme, bila mwalimu aliyezoezwa na bila kabati salama huishia kufungiwa. Huko Kisumu, watafiti walilinganisha shule zilizopewa vifaa vya kielektroniki na shule zilizopewa tu vitabu, miongozo ya somo na mtu wa kumtembelea mwalimu. Watoto wa pande zote walisonga mbele, lakini vifaa havikuongeza tofauti ya maana iliyolingana na gharama yake.

Kwa hiyo mfadhili akija kwenu na sanduku la tableti, mpokee kwa shukrani, kisha muulize maswali manne kabla ya kupiga picha:

1. Nani atazichaji, na kwa umeme gani?
2. Nani atazitengeneza zikivunjika?
3. Mwalimu atafundishwa siku ngapi, na nani atarudi kumtazama baada ya mwezi?
4. Zitalala wapi usiku?

Akikosa majibu, mwombe vitabu.

## 10. Makosa yanayojirudia

- Simu kama zawadi. "Mkinyamaza nitawawekea katuni." Kesho watanyamaza kwa katuni tu.
- Simu kama mwalimu wa akiba. Kuiacha icheze ili usahihishe makaye. Watoto wanajua.
- Betri iliyosahauliwa. Chaji usiku au kwenye kibanda cha jirani, na daima uwe na fishi (karatasi ya matayarisho) ya somo la pili lisilohitaji simu.
- Vumbi. Vumbi letu la volkano linasugua kioo na kuingia kwenye tundu la chaji. Mfuko wa plastiki unaofungwa unatosha.
- Picha za watoto. Usitume uso wa mtoto kwenye WhatsApp bila ruhusa ya mzazi, na hasa usitaje shule na jina. Katika mji huu, kuna familia zinazojificha.
- Siri zilizomo kwenye simu yako. Kabla ya kumpa mtoto simu, fungia picha na ujumbe wako. Afadhali fungua programu moja tu na uiwekee kufuli.
- Kununua kwa mkopo. Mshahara wa mwalimu wa Goma unajulikana, na walimu wengine bado hawajaingia kwenye orodha ya malipo. Hakuna mbinu katika makala haya inayohitaji simu mpya.

## 11. Wazazi na direkta

Mzazi akisikia mtoto anasema "leo tulisikiliza simu", atafikiri mnacheza. Mwite kabla hajaja na hasira. Mkutano wa dakika kumi, mlangoni, unatosha: mwonyeshe arduazi, mweleze ishara ya ukimya, mwambie hakuna mchango unaodaiwa. Hilo la mwisho liseme mara mbili.

Kwa direkta, yaani mkuu wa shule, usiende na ndoto. Nenda na ile mistari uliyopiga nyuma ya kaye: "Wiki ya kwanza walisukumana mara 14 kwa siku, sasa mara tatu." Direkta mwenye shaka hubishana na maneno, lakini hesabu ataitazama. Akikataa simu darasani, usigombane naye. Kila kitu hadi sehemu ya sita hakihitaji ruhusa.

Na kama shule yako ina zamu mbili, asubuhi na mchana, zungumza na mwenzako wa zamu nyingine. Michoro ya ratiba, kazi za safu na makopo ya mawe vikiwa sawa kwa zamu zote mbili, hakuna anayefuta kazi ya mwenzake.

## 12. Kalenda ya wiki tisa

- Wiki ya 1 hadi ya 3: hesabu mistari, kisha ishara ya ukimya, peke yake.
- Wiki ya 4 na ya 5: kazi za safu, na mpango wa mvua.
- Wiki ya 6 na ya 7: arduazi na mawe, kila siku.
- Wiki ya 8: sauti ya kwanza, dakika tano, mara mbili kwa wiki.
- Wiki ya 9: kundi la kwanza la kona, watoto watano.

Ukikatizwa, na Goma hukatizwa mara kwa mara, usianze upya kwa aibu. Watoto wakirudi baada ya wiki mbili za kufungwa shule, tumia siku mbili za kwanza kufundisha tena ishara na kazi za safu, hata kama wanasema wanazikumbuka.

Basi, mwalimu wa Majengo, swali lako nimelijibu. Kesho asubuhi acha simu mfukoni. Chukua kaye, fungua ukurasa wa nyuma, andika jambo moja, na uanze kuhesabu.